Leseni imelipiwa, lakini akaunti ni ya nani?

Minada ya korosho ikishaanza mwezi Oktoba, hakuna mtu Mtwara wala Lindi mwenye muda wa kuhangaika na kompyuta. Karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ana daftari zima la mizani la kuingiza, ana orodha za malipo za kupeleka chama kikuu, na pale nje wazee wamekaa kwenye benchi wanauliza hela inaingia lini. Ndipo Excel inapogoma. Faili linafunguka, namba zinaonekana, hata kuchapisha unaweza, lakini ukiandika hakiingii kitu, na juu kuna mstari unaodai leseni imekwisha. Akiitwa fundi wa mtaani, dawa yake ya kwanza ni kufomati, yaani kufuta kila kitu na kuweka programu upya.

Msikubali. Mashine haina ugonjwa wowote. Programu za kulipia kwa mwezi au kwa mwaka, kama Microsoft 365, umezipanga tu, hujazinunua: kodi ikiisha vyombo vyako havitupwi nje, ila jikoni huruhusiwi kupika. Ukilipa, kazi inaendelea palepale ilipoishia.

Shida ni kwamba mara nyingi ofisi inataka kulipa na inashindwa. Leseni ya namna hii haikai ndani ya kompyuta, inakaa kwenye akaunti, yaani ile barua pepe iliyotumika siku ya kuinunua. Katika kesi zinazoletwa kwenye kitengo chetu cha TEHAMA, hii ndiyo inayotuchosha kuliko zote: barua pepe ni ya kijana aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo, akasaidia kuweka programu, akaondoka zake. Namba za uthibitisho zinatumwa kwenye laini yake ya zamani. Ofisi ina risiti mkononi na mlango umefungwa. Fungueni barua pepe ya ofisi, si ya mtu, na iunganishwe na namba ya simu ya ofisi. Nywila iandikwe kwenye karatasi, ifungwe ndani ya bahasha, ikae kwenye kasha linalotunza kitabu cha hundi, na ijulikane na watu wawili. Najua wataalamu wenzangu wengine hawapendi nywila ya karatasi. Mimi naona kasha lenye kufuli ni salama kuliko kichwa cha mtu anayeweza kuhamishiwa Liwale kesho.

Kuhesabu nako kuna mtego, kwa sababu kila kampuni inahesabu kivyake. Microsoft 365 inahesabu watu: kwenye vifurushi vya nyumbani mtu mmoja anaweza kuwa ameingia kwenye vifaa vitano kwa wakati mmoja, simu na tableti zikiwamo. Kuna kifurushi cha familia cha watu sita, na ofisi nyingi hukikimbilia kwa bei yake, lakini masharti yake ni ya matumizi ya nyumbani, si ya biashara. Kwa ofisi kuna vifurushi vya Business, na kile cha chini kabisa hakina Word wala Excel ya kuweka kwenye kompyuta. Unatumia kupitia intaneti au simu. Someni hapo kabla ya kulipa. Adobe, wenye Photoshop na Acrobat, inakuruhusu kuwasha leseni kwenye kompyuta mbili, lakini usizitumie zote mbili kwa pamoja. Antivairasi zinahesabu mashine, moja, tatu au tano, na siku zinaanza kuhesabiwa pale mashine ya kwanza inapowashiwa leseni. Ukiweka kwenye ya tatu baada ya miezi sita, hiyo ya tatu imepata nusu mwaka tu.

TallyPrime, programu ya uhasibu ambayo wahasibu wetu wengi wanaitumia, ina Silver ya kompyuta moja na Gold ya watumiaji wengi kwenye mtandao mmoja wa ofisi. Hapa kufomati kunauma kweli: leseni inatakiwa isalimishwe, yaani iachiwe, kwanza kwenye mashine ya zamani, ndipo iwashwe kwenye mpya. Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa kwenye ubaomama (motherboard), ule ubao mkuu wa ndani ya mashine. Ukibadilisha diski tu, ukaweka toleo lilelile na kuunganisha intaneti, inajitambua yenyewe. Kwa hiyo anayekudai hela ya Windows mpya kwa kubadilisha diski, muulize vizuri.

Kwa vijiji vya Newala na Tandahimba ambako bando linasuasua, jueni kwamba Microsoft 365 za ofisi zinahitaji kuonana na intaneti angalau mara moja kila siku 30, hata kama umelipa mwaka mzima. Kompyuta ya ghalani isiyounganishwa kabisa itagoma tu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na siku chache baadaye mikongo ya intaneti ya baharini ikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Aliyekuwa amesubiri siku ya mwisho kulipia hakuwa na njia ya barabara wala ya mtandao. Ushauri wangu ni leseni zote zihamishiwe tarehe moja, mwezi Julai, kabla msimu haujapamba moto.

Kraki za kwenye flashi, yaani vijiprogramu vya kuvunja leseni ili usilipe, nitazitaja kwa ufupi. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na kraki inayokuambia uzime antivairasi kwanza imeshakueleza nia yake. Kama hela haitoshi, LibreOffice ni ya bure kihalali na inafungua mafaili ya Word na Excel. Mtendaji wa kijiji anayeandika barua na mihtasari hahitaji zaidi ya hapo. Mwenye majedwali yenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili, ajaribu kwanza kwa nakala.

Basi chukueni daftari leo. Kwenye kila mashine fungua Word, bonyeza File, kisha Account, nakili barua pepe inayoonekana pale. Andika jina la mashine, programu, anayeitumia na tarehe ya kuisha. Mkikuta barua pepe msiyoitambua, anzeni na hiyo, wakati mwenye nayo bado anapokea simu zenu.