Je, wajua? Marekani haina kura ya turufu IMF, ila inashika ufunguo

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu, tena kwa kujiamini, kwamba Marekani ina kura ya turufu kwenye Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Nilidhani mambo huenda kama kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa: mjumbe ananyoosha mkono, anasema hapana, kikao kimekwisha. Siku moja mtu akanibishia. Nikaufungua mkataba wa Shirika ili nimwoneshe kipengele chenyewe, na sikukipata. Marekani haikutajwa humo kwamba ina haki yake ya pekee ya kukataa jambo. Nilichokuta ni namba tu: asilimia 85.

Namba hiyo niliielewa kwa msaada wa kikoba cha shangazi yangu.

Aliyewahi kukaa kwenye kikoba analijua sanduku: la bati, kufuli tatu, na kila ufunguo kwa mtu wake. Mwenye ufunguo mmoja hawezi kuchota hata shilingi. Lakini siku ambayo mmoja wao alikwenda msibani na ufunguo ukiwa kwenye pindo la khanga, wanachama wote walikaa chini ya mwembe mpaka jioni wakilitazama sanduku lao wenyewe. Hakuna aliyekuwa amekataa chochote. Halikufunguka tu.

IMF iko hivyo hivyo, kwa tofauti moja. Kikoba humpa kila mwanachama sauti moja, awe na hisa moja au tano. Shirika huhesabu kura kwa mchango: kila nchi hupewa kura chache za msingi zilizo sawa kwa wote, kisha kura moja kwa kila 100,000 za mgawo wake, yaani mchango iliopangiwa, zikihesabiwa kwa SDR, kipimo cha akiba ambacho Shirika lilijitungia lenyewe. Kwa hesabu hiyo Marekani ina takriban asilimia 16.5 ya kura zote. Kenya haifiki hata robo ya asilimia moja, na Tanzania iko chini ya Kenya.

Asilimia 16.5 haipitishi kitu. Ila maamuzi mazito, kama kubadili migawo, kugawa SDR mpya, kuuza dhahabu ya Shirika au kurekebisha mkataba, yanadai asilimia 85. Toa 16.5 kwenye 100: inabaki 83.5. Hata dunia nzima ikubaliane bila Marekani, haifiki.

Na hapa ndipo penye utamu. Mkutano wa Bretton Woods mwaka 1944 ulikusanya nchi 44, na Marekani ikaanza ikiwa na karibu theluthi ya kura. Kizingiti cha kubadili mkataba kilikuwa asilimia 80, kwa hiyo aliyetaka kuzuia alihitaji kuzidi 20. Miaka ikapita, nchi nyingine zikajenga uchumi, na fungu la Marekani likateremka kuelekea hiyo 20. Ungetegemea uwezo wake wa kuzuia utoweke. Badala yake, marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 1978 yalipandisha kizingiti hadi 85. Ufunguo ulichakaa, wakabadilisha kufuli. Benki ya Dunia nayo ilifanya hivyo hivyo mwaka 1989.

Matokeo yake hayana kelele, ni kusubiri tu. Desemba 2010 magavana wa Shirika walipitisha mageuzi ya kuongeza migawo maradufu na kuzipa nchi zinazoinukia, China ikiwemo, fungu kubwa zaidi. Mageuzi hayo yalikaa chini ya mwembe miaka mitano, hadi Bunge la Marekani lilipoyaidhinisha Desemba 2015. Marekebisho mengine, ya mgao maalumu wa SDR, yalikubaliwa mwaka 1997 yakaja kuanza kutumika 2009.

Sasa kosa langu la pili, ambalo naona wengi wanalo. Ufunguo huu haufungi mikopo. Mkopo wa nchi moja moja hupitishwa na bodi ya wakurugenzi kwa wingi wa kawaida, na kura zenyewe huhesabiwa kwa nadra. Mwenyekiti husikiliza mazungumzo yanaelekea wapi, kisha hutamka. Kwa kanuni, Marekani ikiwa peke yake haiwezi kuzuia mkopo wa Kenya. Je, haina ushawishi humo? Tafiti kadhaa zimekuta kwamba nchi zinazopiga kura upande wa Marekani kule Umoja wa Mataifa huelekea kutendewa kwa ulaini zaidi na Shirika. Ila kuelekea si kuthibitisha: huenda rafiki wa Marekani hupendelewa, huenda pia ana sifa nyingine ambazo Shirika lingezipenda hata hivyo. Mnong'ono wa koridoni haupimiki kwa rula.

Basi vijana wa Nairobi walioandamana Juni 2024 kupinga Muswada wa Fedha wenye kodi mpya, baadhi wakibeba mabango yaliyoitaja IMF, walikosea mlango? Sidhani. Rais Ruto alikataa kuusaini muswada siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, kwa hiyo mlango wa karibu ulifunguka, japo kwa gharama ya maisha ya watu. Kodi zile zilipangwa na Hazina ya Kenya ikizungumza na wataalamu wa Shirika. Hakuna kura ya asilimia 85 iliyopigwa. Kufuli kubwa iko kwingine: kwenye swali la nani ana kura ngapi. Mwalimu Nyerere aliligusa mwanzoni mwa 1980, alipowauliza mabalozi waliokusanyika Dar es Salaam ni lini IMF iligeuka kuwa Wizara ya Fedha ya Dunia. Makubaliano ya Tanzania na Shirika ya mwaka 1986 yalisainiwa yeye akiwa ameshatoka Ikulu.

Hesabu moja bado inanichekesha. Kuzuia kunahitaji kuzidi asilimia 15 tu, na mkataba haukusema lazima iwe Marekani. Nchi za Umoja wa Ulaya zikiungana zinapita hapo bila jasho. Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini kwa pamoja zina kidogo juu ya 14: ufunguo uliopungua jino moja. Kundi lao la BRICS lilipoongeza Misri, Ethiopia, Iran, Falme za Kiarabu na Indonesia, jumla kwenye karatasi ikavuka 15. Kwenye karatasi, maana India na China kukubaliana juu ya jambo lolote ni habari nyingine. Na Desemba 2023 Shirika lilipokubaliana kuongeza migawo kwa nusu, nyongeza ilipangwa kwa uwiano ule ule kwa kila nchi, kwa hiyo fungu la kila mmoja linabaki pale pale.