Mazishi ya kodi yalichorwa London

Wengi wakiiona picha ya kejeli ya mwaka 1766 ya mazishi ya Sheria ya Stempu, ile kodi ya makaratasi katika makoloni ya Uingereza huko Marekani, husema ni kazi ya walowezi waasi. Sivyo. Aliyeichora ni Mwingereza, Benjamin Wilson, tena London kwenyewe. Itazame kwa karibu: George Grenville, aliyeileta kodi hiyo, amebeba kijeneza kama cha mtoto mchanga, maana sheria ilizaliwa 1765 ikafa mwaka uliofuata. Nyuma ya waombolezaji, kwenye gati, meli zinangoja shehena. Kwangu hapo ndipo penye uzito: wafanyabiashara wa Uingereza wenyewe walikuwa wameumia, bidhaa zao zimegomewa ng'ambo, wakalibana Bunge liifute.