Injini Inayomisi kwa Vipindi Katika Gari Lililotembea Kilomita Nyingi

Injini inayomisi muda wote, yaani ambayo silinda yake mojawapo inakosa kuwaka, haimsumbui fundi. Unachomoa soketi za injekta, vipuri vinavyopulizia petroli, moja baada ya nyingine huku injini ikinguruma, na ile silinda ambayo ikikatiwa mafuta mlio haubadiliki ndiyo uliyokuwa ukiitafuta. Kazi huwa ngumu pale injini inapomisi asubuhi na kutulia mchana, au inapomisi mlimani peke yake, kisha ikifika gereji inanguruma kana kwamba haijawahi kuugua. Likiwa ni gari lililokwishatembea kilomita 200,000 na zaidi, mara nyingi hunifikia likiwa tayari limefungwa plagi mpya, koili mpya (inayoipa plagi umeme wa volti nyingi), na pengine pampu ya mafuta ambayo ile ya zamani haikuwa na kosa lolote, na bado linamisi vilevile. Nitaeleza hapa jinsi ninavyolishughulikia gari la namna hiyo, nikianzia na sababu inayoufanya ugonjwa wake uwe wa vipindi.

Ili petroli iungue ndani ya silinda, panatakiwa mchanganyiko wa hewa na mafuta wenye uwiano unaoshika moto, mgandamizo wa kutosha, na cheche kali inayoruka kwa wakati wake. Katika injini mpya kila kimoja kati ya hivyo kina akiba kubwa. Chukua cheche: kwenye sailensi, yaani injini ikinguruma bila mguu kwenye pedali ya mafuta, plagi nzima huhitaji takriban volti 10,000 ili cheche iruke mwanya wake, ilhali koili yenye afya inaweza kutoa 30,000 na zaidi. Kadiri plagi inavyolika, mwanya hupanuka na volti zinazohitajika hupanda. Kadiri koili inavyozeeshwa na joto, volti inazoweza kutoa hushuka. Kwa miaka mingi dereva hahisi chochote kwa kuwa akiba bado ipo, mpaka siku ambayo mahitaji ya mlimani, ambako silinda imejaa hewa na shinikizo limepanda, yanauzidi uwezo wa koili kwa sekunde chache. Barabara ikinyooka, akiba inarudi na injini inatulia. Hapo hakuna kipuri kilichokufa. Kuna viwili vilivyochoka kwa pamoja.

Ndiyo maana plagi mpya hudanganya. Mwanya wake sahihi hupunguza volti zinazohitajika, na koili dhaifu inapata ahueni ya miezi kadhaa. Mwenye gari anaamini tatizo limekwisha, kisha plagi zikianza kulika linarejea, na safari hii anailaumu plagi. Hali ni hiyo hiyo kwa hewa inayovutwa kinyemela kupitia mpira uliopasuka: mchanganyiko ukizidi hewa, volti zinazohitajika hupanda, na ukifunga koili mpya yenye nguvu kumisi kutapungua ingawa mpira bado umepasuka. Kwa hiyo katika gari lililochakaa, kubadili kipuri na kuona nafuu siuhesabu kuwa ushahidi. Ushahidi kwangu ni kuweza kulileta tatizo kwa makusudi na kuliondoa kwa makusudi.

Kabla ya kufungua boneti namhoji dereva, na ninamhoji kwa kirefu kuliko anavyotarajia. Ninachotaka kujua ni hali: injini ilikuwa baridi au moto, gari lilikuwa limesimama au linapanda, gia ilikuwa ya ngapi, kulikuwa na mvua au ukavu, tangi lilikuwa limejaa au linakaribia kuisha. Kumisi kwenye gia kubwa na mwendo mdogo huku pedali imekanyagwa kunanielekeza kwenye cheche, kwa sababu hapo ndipo volti zinapohitajika kuliko wakati mwingine wowote. Kumisi kwenye sailensi kunakotoweka mara tu mizunguko inapopanda kunanielekeza kwenye hewa ya kinyemela au valvu (mlango wa silinda wa kuingizia hewa au kutolea moshi) isiyofunga vizuri. Kupungukiwa nguvu katika mwendo wa kasi, hasa tangi likiwa chini, kunanipeleka kwenye pampu na chujio la mafuta. Kumisi kwa nusu dakika ya kwanza ya asubuhi kuna habari yake, nami nitaifikia.

Baada ya hapo ndipo nachomeka mashine ya kusomea kompyuta. Inafaa kujua kwamba kompyuta haioni moto ndani ya silinda. Inachopima ni mwendo wa krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, kupitia sensa yake. Kila silinda inapowaka, krankishafti husukumwa kidogo mbele, na msukumo unaotarajiwa usipotokea, kompyuta huhesabu kuwa silinda hiyo imemisi. Msimbo P0301 unataja silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea, wakati P0300 husema kumisi kumeonekana bila kuelekezwa kwenye silinda moja. Kwa kuwa kipimo ni cha mwendo tu, barabara yenye mashimo makubwa au puli ya krankishafti ambayo mpira wake wa ndani umeachia inaweza kuizuga kompyuta. Taa ya injini ikiwaka tu, kuna nafasi ya kufanya uchunguzi kwa utulivu. Ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, kompyuta inaonya kwamba kumisi ni kwingi kiasi cha kuharibu katalisti, yale masega yaliyo kwenye bomba la moshi, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuungulia humo na kuyayeyusha. Gari la namna hiyo halifai kuendeshwa kwa majaribio marefu.

Sehemu ninayoithamini zaidi katika mashine hiyo ni kumbukumbu ya hali ilivyokuwa msimbo ulipoandikwa: mizunguko, mzigo wa injini, joto la maji na marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Dereva anaweza kusahau, na wengine huongezea chumvi, lakini kumbukumbu hiyo inaniambia kama injini ilikuwa na nyuzi 30 au 90 na kama ilikuwa inabeba mzigo. Kisha naendesha gari katika hali hiyo hiyo huku nikitazama hesabu ya kumisi kwa kila silinda, ambayo magari mengi huitunza hata kabla taa haijawaka.

Hesabu zikilundikana kwenye silinda moja, nahamisha vitu badala ya kununua. Koili ya silinda ya 3 naipeleka ya 1, plagi ya 3 naipeleka ya 4, injekta inabaki mahali pake, halafu narudia safari ile ile. Kumisi kukihamia silinda ya 1, koili imejitaja. Kukihamia ya 4, ni plagi. Kukibaki pale pale, nimebaki na injekta, waya zake, au mgandamizo. Sharti lake ni kutohamisha vitu viwili kwenda silinda moja, maana hapo utakuwa umejifungia jibu mwenyewe.

Wakati wa kutoa plagi ndipo macho yanapofanya kazi kubwa. Geuza plagi taratibu chini ya mwanga mkali na utazame kauri yake nyeupe kuanzia juu hadi kwenye chuma. Ukiona mstari mwembamba wa kijivu, kama uliochorwa kwa ncha ya penseli, umeona njia ambayo umeme umekuwa ukitorokea badala ya kuruka kwenye mwanya. Mstari huo ni kaboni, na ndani ya mpira wa koili unaofunika plagi utaukuta mwenzake katika upande ule ule. Ukibadilisha plagi na kuuacha mpira, mpira huo utachora mstari mpya kwenye plagi mpya. Ukibadilisha mpira na kuiacha plagi, matokeo ni hayo hayo. Viwili hivyo vinatoka pamoja. Kisima cha plagi, yaani shimo inamokaa, kikiwa na oili, gasketi ya mfuniko wa tapeti ulio juu ya injini inavuja, na kuendelea kubadilisha koili bila kuziba uvujaji huo ni kutwanga maji kwenye kinu. Pale nisipouona mstari lakini bado nina shaka, nanyunyizia ukungu mwepesi wa maji juu ya koili gizani, injini ikinguruma na mikono ikiwa mbali, nikatazama kama kuna cheche inayoruka nje.

Upande wa mafuta nauanzia kwenye marekebisho ambayo kompyuta inayafanya. Yakiwa asilimia 15 au 20 juu kwenye sailensi na kushuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inayoingia bila kupimwa, kwa sababu kiasi hicho cha hewa kilicho kikubwa kwenye sailensi huwa kidogo injini inapovuta hewa nyingi. Yakienda kinyume, yaani mazuri kwenye sailensi na kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, nashuku pampu, chujio au sensa ya hewa iliyochafuka. Hapa upo mtego ambao nimeona ukiwanasa hata mafundi wazoefu. Silinda iliyokosa cheche hutoa nje hewa ambayo oksijeni yake haikutumika. Sensa ya oksijeni huisoma hewa hiyo kama upungufu wa mafuta, na kompyuta huongeza petroli. Marekebisho yanapanda, fundi anaanza kutafuta hewa ya kinyemela au kulaumu pampu, wakati kilichokosekana tangu mwanzo ni cheche. Kwa hiyo nayasoma marekebisho katika dakika ambazo injini haimisi.

Cheche na mafuta vikiwa salama, napima mgandamizo. Napima injini ikiwa moto, plagi zote zimetolewa, mafuta na koili vimekatwa, betri imejaa na pedali imekanyagwa mpaka mwisho. Kanuni inayotumika sana ni kwamba silinda ya chini kabisa isiwe pungufu ya asilimia 75 ya ile ya juu, ingawa mimi huanza kushuku tofauti ikishavuka asilimia 15. Matone machache ya oili yakimiminwa kwenye silinda dhaifu na kipimo kikapanda sana, ringi za pistoni zimelika. Kisipopanda, natazama valvu au gasketi ya silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda. Ni vizuri pia kusukuma hewa ya kompresa ndani ya silinda hiyo, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, na kusikiliza inakotorokea: kwenye njia ya hewa, kwenye bomba la moshi, kwenye mdomo wa kujazia oili, au kwa mapovu ndani ya rejeta.

Kipimo kilichofanywa injini ikiwa baridi kinaweza kuficha kosa moja ambalo katika magari yenye kilomita nyingi nalikuta kuliko watu wanavyodhani. Kwenye injini ambazo tapeti zake, vipuri vinavyosukuma valvu, hazijirekebishi kwa oili, valvu ya moshi hujizamisha polepole kwenye kiti chake, na ile nafasi ndogo iliyo kati yake na kamu (mhimili unaofungua valvu), ambayo ni sehemu chache tu za kumi za milimita, inazidi kupungua. Tapeti zenye nafasi kubwa hupiga kelele na mwenye gari hulalamika. Zenye nafasi ndogo hukaa kimya. Injini ikipata moto, mti wa valvu hurefuka, nafasi inakwisha, na valvu haikai tena kikamilifu. Mgandamizo unavuja kwenye sailensi, injini inatikisika kwenye foleni, kisha mizunguko ikipanda inatulia kwa kuwa muda wa kuvuja ni mfupi. Ukiwahi, ni suala la kurekebisha nafasi. Ukichelewa, ukingo wa valvu unaungua na silinda hedi inatoka.

Sasa ile nusu dakika ya asubuhi. Gari likilala na shinikizo kwenye mfumo wa maji, na gasketi ya silinda hedi ikiwa na tundu dogo, maji hupenyeza hadi juu ya pistoni. Asubuhi silinda hiyo inamisi, moshi mweupe unatoka kwa muda, kisha kila kitu kinakuwa sawa. Plagi ya silinda hiyo mara nyingi huwa safi kuliko wenzake, kwa sababu mvuke umeiosha. Nafunga pampu ya kupimia rejeta, naweka shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko chake, naliacha gari usiku kucha, na asubuhi naingiza kamera nyembamba kupitia tundu la plagi kabla injini haijawashwa. Tone moja juu ya pistoni linatosha.

Kuhusu waya sina mengi. Soketi zilizolegea na kiunganishi cha ethi, waya unaorudisha umeme kwenye ncha hasi ya betri, chenye kutu humalizia visa vingi ambavyo havikupata jibu kwingine, na namna ya kuvipata ni kutikisa waya moja moja huku injini ikinguruma, kisha kupima volti zinazopotea kati ya injini na ncha hasi ya betri wakati wa kupiga stata. Zikizidi nusu volti, ethi hiyo isafishwe kabla ya jambo jingine lolote.

Baada ya matengenezo nafuta misimbo na narudi kwenye hali ile ile iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ya kwanza: joto lile lile, gia ile ile, mlima wenye mwinuko huo. Hesabu moja mbili zinazotawanyika kwenye silinda mbalimbali wakati wa kuwasha injini kuukuu siziandami. Gari lililomisi kwa muda mrefu nalibadilishia oili pia, kwa kuwa petroli isiyoungua huosha kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na mara nyingi harufu yake huisikia ukivuta tu kijiti cha kupimia oili.