Kuzungusha kitanzi mara milioni si kupima kasi

Wengi huamini kwamba ili kujua kasi ya msimbo wako wa Base64 (njia ya kuandika data kwa herufi 64 za kawaida) katika Java, inatosha kusoma saa, kuzungusha kitanzi mara milioni, kusoma saa tena, kisha kugawanya. Hesabu haina kosa; kinachopimwa ndicho sicho.

Mwanzoni HotSpot, yaani JVM (mashine pepe inayoendesha programu za Java), hutafsiri baitikodi, msimbo wa kati wa Java, amri moja moja. Metodi ikishaitwa mara nyingi ndipo kompaila ya C1 huishika na kuigeuza kuwa msimbo wa mashine, baadaye C2, inayoboresha zaidi, kwa hiyo wastani wako ni mchanganyiko wa hatua hizo zote. Baya zaidi: ukiandika `encode(data);` bila kutumia jibu lake, C2 inaweza kuifuta kazi yote, nawe ukashangilia nanosekunde sifuri. Na ukishindanisha misimbo mitatu ndani ya mchakato mmoja kupitia kiolesura kilekile, wa kwanza huelekea kupendelewa, maana wakati wake mwito ulikuwa na shabaha moja tu, yaani metodi moja ya kuitwa, jambo linalorahisisha kuuboresha.

Tumia JMH, zana ya kupimia kasi ya msimbo wa Java. Metodi yenye `@Benchmark` irudishe matokeo, data ikae kwenye klasi yenye `@State` na isiwe `final`, kompaila isije ikaichukua kama thamani isiyobadilika, kisha weka `@Fork(3)` ili kipimo kirudiwe mara tatu, kila mara kwa JVM mpya. Pima baiti 16, halafu 1,024, halafu 1,048,576. Mshindi wa data ndogo mara nyingine hushindwa kwenye kubwa.