START haisomi rekodi: dhana potofu kuhusu kusoma faili kwa mpangilio wa ufunguo

Kila mwisho wa mwezi, maduka ya jumla ya hapa Malindi ambayo bado yanaendesha hesabu zao kwa programu za COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu za biashara, huniita kwa lalamiko lile lile: taarifa ya mteja mmoja imetoka na madeni ya mwingine. Kabla sijakaa, nimekwisha kuambiwa, "Fundi, faili limeharibika, tujengee faharasa upya." Faharasa, yaani orodha inayoonyesha kila rekodi iko wapi, hujengwa, karatasi huchapishwa tena, na kosa hubaki pale pale, kwa kuwa faili halikuwa na ubaya wowote tangu mwanzo.

Dhana inayozaa kosa hili ni kwamba amri ya START huleta rekodi ya kwanza ya mteja unayemtaka, na kwamba READ NEXT, amri ya kusoma rekodi inayofuata, husimama yenyewe rekodi zake zinapokwisha.

Ukweli ni kwamba START haileti rekodi hata moja. Kazi yake ni kuweka alama ya mahali pa kuanzia kusoma, basi. READ NEXT nayo haimjui mteja. Huchukua rekodi inayofuata katika mpangilio wa ufunguo, yaani sehemu ya rekodi inayoitambulisha na kuipanga, iwe ya nani, mpaka faili zima liishe na hali ya faili, msimbo unaoeleza matokeo ya amri, iwe 10.

Tuchukue faili la ankara ambalo ufunguo wake ni namba ya mteja, tarakimu 5, ikifuatwa na namba ya ankara, tarakimu 6. Mteja 00417 ni duka la Gede na 00418 ni duka la Mambrui. Programu inaweka 00417 na sifuri sita, inatoa START kwa KEY IS NOT LESS THAN, na inapata hali 00, yaani amri imefaulu. Mwandishi wake anaamini kuwa 00 ina maana ya "Gede yupo". Sivyo: maana yake ni kwamba ipo rekodi ambayo ufunguo wake si mdogo kuliko huo. Ikiwa Gede hana ankara hata moja katika faili hilo, alama imekwisha kukaa juu ya ankara ya kwanza ya Mambrui, na READ NEXT itaileta bila onyo lolote. Hata akiwa nazo, baada ya ya mwisho inakuja ya Mambrui, tena kwa hali 00 ile ile. Kwa hiyo, baada ya kila READ NEXT, na kabla ya kuchapisha chochote, linganisha namba ya mteja iliyosomwa na ile uliyoitaka. Zikitofautiana, toka kwenye mzunguko. Ni mstari mmoja, na sielewi kwa nini bado unaachwa.

Kosa hili hupita kwenye majaribio kwa sababu watu hujaribu kwa wateja wachache, na aghalabu kwa yule waliyemwingiza mwisho. Ikiwa ndiye mwenye namba kubwa kuliko zote, rekodi zake huisha pamoja na faili, na taarifa yake hutoka safi kabisa. Jaribu kwa mteja wa katikati, na kwa mteja asiye na ankara hata moja. Vilevile, jaza sifuri kwenye sehemu ya ankara kila unapotoa START: ukiacha humo 000350 ya mteja aliyetangulia, ankara zote za huyu zilizo chini ya 350 zitarukwa kimya kimya.

Waliozoea RPG, lugha ya programu ya mashine za IBM, huteleza hapa kwa urahisi, maana READE, amri yake ya kusoma, hulinganisha ufunguo kwa niaba yao. Hata huko, baada ya SETLL, inayofanya kazi kama START, jaribio la %FOUND linakubali ufunguo ulio sawa au mkubwa zaidi. Anayetaka ulio sawa tu aulize %EQUAL.

Wapo wanaodhani kuwa unaweza kusoma rekodi nyingine ya faili lile lile katikati ya mzunguko kisha ukaendelea ulipoachia. Katika ACCESS MODE IS DYNAMIC, yaani faili likisomwa kwa mfuatano na kwa ufunguo pia, READ ya ufunguo maalumu huhamisha alama, na ikitumia ufunguo mbadala, yaani wa ziada usio ule mkuu, READ NEXT inayofuata hufuata mpangilio wa ufunguo huo mbadala. Hifadhi ufunguo wako kwanza, kisha urudi kwa START yenye KEY IS GREATER THAN.

Hali 02 wakati wa kusoma si kosa. Inakuarifu kuwa rekodi ifuatayo ina thamani ile ile ya ufunguo mbadala unaoutumia. Rekodi hizo zinazofanana huja kwa utaratibu wa kuandikwa kwake, si kwa ufunguo mkuu kama wengi wanavyotarajia.

Lalamiko la "10 imekuja kabla ya 9" nalo si uharibifu. Ufunguo wa herufi hulinganishwa baiti kwa baiti kutoka kushoto, kwa hiyo namba zijazwe sifuri mbele, na tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. La sivyo 01022024 itatangulia 31012024.

Mwisho, faili likihamishwa kutoka mashine za IBM zinazotumia EBCDIC kwenda kompyuta za ASCII, ambayo ni mifumo miwili tofauti ya kuwakilisha herufi kwa namba, mpangilio hubadilika hata kama data ni ile ile. Katika EBCDIC, herufi ndogo hutangulia kubwa na tarakimu huja baada ya zote. Katika ASCII, tarakimu ndizo za kwanza, kisha herufi kubwa, kisha ndogo. Programu inayoanza kusoma kwenye "A" ikitarajia kuzikuta tarakimu baada yake haitaziona tena, na kujenga faharasa upya hakutazirudisha.