Nani aliyeibadilisha Old Spice?

Wiki iliyopita mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi hapa Unguja, aliniletea chupa mbili za Old Spice, losheni ya kupaka baada ya kunyoa. Moja ya kioo cheupe kama maziwa, iliyokuwa ya marehemu kaka yake, imebaki vidole viwili tu. Nyingine ya plastiki, ndiyo kwanza imefunguliwa. "Mwanangu, nusa hii, halafu nusa hii. Wameiharibu."

Nilinusa. Zinatofautiana kweli, na huhitaji kuwa mchanganya marashi kulitambua hilo. Ila lile neno "wameiharibu" limenikaa kichwani, maana watu wengi humaanisha kampuni iliyoinunua, na mimi naona waliogusa chupa si lazima ndio waliogusa harufu.

Tuanze na wenye mali. William Lightfoot Schultz alianzisha kampuni ya Shulton huko Marekani mwaka 1934. Old Spice ya kwanza, ya mwaka 1937, ilikuwa ya wanawake. Ya wanaume ikafuata mwaka 1938, na ndiyo iliyovuma. Chupa za mwanzo zilifinyangwa kwa udongo na kiwanda cha Hull cha Ohio, zikachorwa merikebu za matanga za Marekani ya kale, mojawapo ikiitwa Grand Turk. Mwaka 1971 Shulton ikaingia mikononi mwa American Cyanamid, kampuni kubwa ya kemikali na dawa. Mwaka 1990 Old Spice ikanunuliwa na Procter & Gamble, ambao wanayo hadi leo. Mwaka 1992 merikebu ikapisha yoti ya kisasa, na baadaye kioo nacho kikapisha plastiki. Wateja waliona mabadiliko hayo yote kwa macho, kwa hiyo na pua ikaamini kwamba kila kitu kilibadilika siku ile ile.

Jina na picha hulindwa kwa kusajiliwa. Fomula ya marashi kwa kawaida haisajiliwi, inafichwa. Kwenye lebo sehemu kubwa yake hufichwa nyuma ya neno moja, Parfum, na ndani ya neno hilo mnaweza kukaa viungo hamsini. Mwenye mali akipunguza kimoja na kuongeza kingine, lebo inaweza isibadilike.

Sasa harufu yenyewe. Ukiifungua Old Spice unakutana na machungwa na malimau, kisha mdalasini na karafuu, kisha vanila, ubani na miski vinavyobaki shingoni hadi jioni. Katikati yake kuna ua la karnesheni, ambalo lenyewe hunukia kama karafuu iliyotiwa sukari. Karnesheni haikamuliki mafuta ya kutosha kwa bei ya losheni ya kunyolea, kwa hiyo tunaijenga kwa yujenoli, kiini cha harufu ya karafuu, na nduguye, aisoyujenoli. Yujenoli Wazanzibari tunaijua hata kama hatujui jina lake: ndiyo inayotawala hewa ukipita karibu na kiwanda cha Wawi, Pemba, kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Zaidi ya robo tatu ya mafuta yale ni yujenoli. Nikinusa Old Spice mimi huona majamvi ya karafuu yameanikwa barabarani, na ndiyo maana jambo hili linaniuma kuliko linavyopaswa kumuuma mtu aliyezaliwa mbali na mikarafuu.

Aisoyujenoli ndiyo yenye utamu wa ua, lakini huwasha ngozi za baadhi ya watu, na ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe ina mikwaruzo midogo isiyoonekana. Mwaka 1998 IFRA, shirika la kimataifa la watengenezaji wa manukato, lilishusha kiwango chake hadi asilimia 0.02 ya bidhaa nzima. Fanya hesabu: losheni yenye manukato asilimia 2 ndani ya spiriti haiwezi tena kuwa na aisoyujenoli inayozidi asilimia 1 ya manukato hayo. Kwa karnesheni ya mtindo wa zamani, hicho ni kijiko badala ya kikombe. Yeyote aliyetaka kufuata kiwango hicho ilimbidi aijenge upya, hata kama Schultz mwenyewe angekuwa hai na kampuni ni yake.

Kabla ya hapo ilitangulia miski ya ambreti, miski ya maabara, laini kama poda, iliyopendwa sana kwenye manukato ya wanaume. Mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari waligundua kwamba jua likiipiga kwenye ngozi, uso wa baadhi ya watu huvimba na kuwasha. Ulaya iliipiga marufuku mwaka 1995. Hakuna miski nyingine iliyoziba pengo lake sawasawa. Nimejaribu kwa miaka, na bado mkia wa harufu huisha mapema.

Kuna na muda. Chupa ya mzee wangu si Old Spice ya zamani. Ni Old Spice iliyozeeka. Mafuta ya machungwa na malimau huchacha yakikutana na hewa, vanila hukoza rangi, spiriti hupaa taratibu kila kizibo kinapofunguliwa. Kinachobaki ni kizito na kitamu kuliko alichokipaka kaka yake siku ya kwanza. Ukitaka kulinganisha kwa haki, usilinganishe dakika ya kwanza. Tafuta pia ile iliyokuwa ikitengenezwa India kwa leseni, iliyoendelea kufungwa kwenye kioo na kubeba picha ya merikebu. Kwenye pua yangu ina karafuu kali zaidi.

Nilimweleza mzee haya yote, akanisikiliza kwa subira. Kisha nikamwomba afumbe macho, nikamtia tone la chupa moja nyuma ya kiganja cha kushoto na la nyingine kulia, tukanywa kahawa kwa saa nzima bila kuzigusa. Alipoinua mikono alinusa wa kulia, akanusa wa kushoto, akaubakiza wa kushoto karibu na pua. Ndiko nilikotia ya kaka yake.