Antalya wakati wa baridi: yanayosemwa na yalivyo

Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, Januari ni kaskazi: jua kali, maji maangavu, watu ufukweni. Kwa hiyo akiona bei za Antalya za Januari zimeporomoka, huona kapata bahati. Pwani hiyo ya kusini mwa Uturuki huogeleka vizuri kuanzia Mei hadi Oktoba. Kuanzia Novemba hadi Machi inafaa kwa safari ya namna nyingine, na wanaorudi wakinung'unika mara nyingi ni wale walioiendea kwa ajili ya ufukwe.

“Pwani haiwezi kuwa na baridi”

Januari, joto la mchana mjini Antalya ni nyuzi 15 hivi, na usiku hushuka hadi karibu 6. Aliyewahi kulala Njombe mwezi Julai anaijua baridi ya namna hiyo. Ukiketi juani mahali palipokingwa na upepo utavua koti, na jua likipita nyuma ya jengo utalivaa tena. Beba fulana, shati la mikono mirefu, sweta na koti jepesi lisilopitisha maji, uvae na kuvua kadiri siku inavyokwenda. Koti moja zito halitakufaa mchana.

“Mvua ya huko ni manyunyu tu”

Hili ndilo linalowakamata wengi. Kwa mwaka mzima Antalya hupata mvua ya takriban milimita 1,000, karibu sawa na Nairobi, lakini Julai na Agosti hazidondoshi kitu cha maana. Sehemu kubwa humwagika kati ya Novemba na Machi, na Desemba peke yake huweza kupita milimita 200. Sababu iko nyuma ya mji: milima ya Toros hupanda ghafla kutoka pwani, na hewa yenye unyevu kutoka baharini ikiigonga hulazimika kupanda, hupoa na kuangusha maji. Hushuka kwa ngurumo, wakati mwingine na mvua ya mawe. Chamchela nazo hutokea: Januari 2019 moja ilipiga uwanja wa ndege wa Antalya na kupindua mabasi.

Habari njema ni kwamba mvua hiyo huja kwa vipindi. Siku mbili tatu za gharika, kisha siku kadhaa za anga safi na nyuzi 17 au 18. Kwa hiyo ukikaa siku tatu unacheza kamari, bali ukikaa saba au zaidi utapata siku nzuri. Usifunge ratiba kabla ya kufika. Angalia utabiri wa siku tatu mbele, siku kavu zipe milima na magofu, za mvua zipe hamamu (mabafu ya mvuke ya Kituruki) na masoko ya ndani. Mwavuli hupinduliwa na upepo, koti lenye kofia ni bora. Na viatu viwe na soli ya kushika, maana mawe ya vichochoro vya mji wa kale, Kaleiçi, yamelainishwa na nyayo za miaka mingi, na yakilowa huteleza kama sabuni.

“Desemba bahari ni baridi kuliko Aprili”

Ni kinyume. Maji hupoa polepole kuliko hewa, kwa hiyo mwanzoni mwa Desemba bahari bado ina nyuzi 19 au 20 zilizobaki za kiangazi, ilhali mwanzoni mwa Aprili iko karibu 17 au 18. Februari na Machi ndiyo miezi ya maji baridi zaidi, 16 hadi 17. Bahari ya Dar es Salaam haifiki huko hata Agosti. Wapo wanaoingia, lakini kwa dakika chache.

Hatari kubwa zaidi ni upepo wa kusini-magharibi uitwao lodos. Ukivuma, mawimbi makubwa huelekea ufukweni moja kwa moja na safari za boti husitishwa. Ufukwe wa Konyaaltı ni wa kokoto na huinamia majini kwa ghafla: wimbi linaporudi huchota kokoto chini ya miguu na kumvuta mtu. Waokoaji wa kiangazi hawapo. Siku ya lodos, tazama bahari kutoka juu.

“Chumba kitakuwa na joto, wenyeji wamezoea baridi”

Waliozoea ni wa Ankara na Erzurum, miji ya bara yenye baridi kali. Nyumba nyingi za Antalya na za Alanya, mji mwingine wa pwani hiyo, zimejengwa kupambana na joto: sakafu ya vigae, madirisha makubwa, kuta nyembamba, na mara nyingi hakuna mfumo wa kupasha nyumba nzima. Hivyo baridi inayowasumbua wageni ni ya chumbani saa nne usiku, siyo ya barabarani.

Kinachopasha ni kiyoyozi. Kiweke kwenye alama ya jua, si ya theluji, nyuzi 22 hadi 24, na mapezi yaelekee chini kwa kuwa hewa ya moto hukimbilia darini. Washa nusu saa kabla ya kulala. Kikinyamaza kwa dakika kadhaa kisha kikaendelea, hakijaharibika. Kinayeyusha barafu iliyoganda kwenye kile kipande cha nje. Kikipuliza hewa dhaifu muda wote, fungua kifuniko uone chujio: vumbi la kiangazi kizima huwa bado limo. Ndara za ndani ni lazima.

Maji ya moto nayo ni habari nyingine. Mapipa unayoyaona juu ya paa hupashwa na jua, na baada ya siku mbili za mawingu hutoa maji ya uvuguvugu. Kwa kawaida ndani yake kuna hita ya umeme yenye swichi, karibu na bafu au kwenye kisanduku cha umeme. Muulize mwenye nyumba iko wapi, na uiwashe saa moja kabla ya kuoga. Lakini nyumba inayotumia jiko la makaa ya mawe, au hita ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu lisilopitisha hewa, iache. Lodos huweza kurudisha moshi ndani kupitia dohani, na gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu.

“Kila kitu kimefungwa”

Inategemea umelala wapi. Antalya ni jiji linaloishi mwaka mzima, na Alanya pia ina wakazi wengi, wakiwemo wageni waliohamia. Vijiji vya hoteli vya Kemer, Side na Çıralı ndivyo hubaki na mbwa na upepo. Belek, nayo ya hoteli, ni tofauti: baridi ndiyo msimu wa gofu, na Januari timu za mpira za Ulaya hupiga kambi huko.

Hoteli iliyo wazi nayo haiko wazi yote. Uliza kwa maandishi: bwawa la ndani linapashwa moto hadi nyuzi ngapi (chini ya 26 utatetemeka), mikahawa mingapi inafanya kazi, na kama kuna ujenzi. Ukarabati wa hoteli hufanywa kipindi hiki hasa, na nyundo haijali umelipia nini.

“Saa zitanichanganya”

Hazikuchanganyi. Tangu 2016 Uturuki haibadilishi saa, iko sawa na Nairobi na Dar mwaka mzima. Ila jua la Desemba huchomoza saa 2 asubuhi na kuzama saa 12 kasoro robo jioni, na magofu hufunga mapema kuliko kiangazi. Anza kutoka hoteli saa 3.

Kwa magofu, kwa kweli, huu ndio wakati. Mji wa kale wa Perge na ukumbi wa Kirumi wa Aspendos, vinavyochoma mwezi wa saba, hutembelewa kwa raha, na maporomoko ya Düden huwa yamejaa maji. Termessos, magofu ya mji wa mlimani, iko zaidi ya mita 1,000 juu, kwa hiyo iendee siku kavu tu. Gari la kamba la mlima Tahtalı hupanda hadi mita 2,365 kwenye theluji, lakini upepo ukizidi husimamishwa. Piga simu kabla ya kuondoka.

“Bei ni ya chini msimu wote”

Mwaka Mpya hupandisha bei, na vilevile likizo ya shule ya wiki mbili inayoanza katika nusu ya pili ya Januari, na Idi inapoangukia Machi. Ndege za moja kwa moja kutoka Ulaya hupungua sana, hivyo wengi hupitia Istanbul. Soma herufi za uwanja kwenye tiketi: IST uko upande wa Ulaya, SAW upande wa Asia, na kuvuka kutoka mmoja hadi mwingine kwa gari huzidi saa moja hata barabara ikiwa haina msongamano. Ukinunua tiketi mbili tofauti zenye viwanja tofauti, utachukua mizigo mwenyewe, na ndege ya pili haitakusubiri.